Mwenye kilo 120 na mwenye kilo 60: nani aongezewe dozi ya homa ya ini?

Swali hili hunijia kwa sura ileile karibu kila mara. Mtu anapokea kichupa cha vidonge, anasoma "kimoja kwa siku", kisha anainua macho: "Mimi nina kilo 120. Mke wangu ana 60 na kapewa hiki hiki. Una uhakika hamjakosea?"

Anauliza jambo la maana. Dawa ya mtoto hupimwa kwa kilo, dawa ya usingizi wa upasuaji hupimwa kwa kilo. Kwa nini dawa ya virusi vya ini isijali ukubwa wa mwili inaoingia?

Jibu langu kama mfamasia ni kwamba inategemea ni dawa gani. Kati ya zile za zamani, baadhi ya sindano za interferoni (protini inayoziambia seli zipambane na virusi) na vidonge vya ribavirini zilijali kilo, na ribavirini bado inajali. Vidonge vya sasa, kwa homa ya ini B na C, havijali kilo za mtu mzima hata kidogo. Lakini uzito haujaondoka mezani. Umehama tu: zamani ulibadili dozi, leo unabadili chaguo la dawa, kwa kupitia figo, tumbo na vidonge vingine ambavyo mtu mnene mara nyingi anavimeza tayari. Anayeshughulika na dozi tu anaangalia mlango ambao mwizi hapitii.

Nazipanga kwanza pamoja, kisha nitakaa zaidi na zile zenye utata. Majina nimeyaandika kwa tahajia ya Kiswahili. Kwenye boksi utayakuta bila irabu ya mwisho.

| Dawa | Dozi ya mtu mzima | Kilo hubadili dozi? | Kinachobadili dozi au chaguo |
|---|---|---|---|
| Peginterferoni alfa-2a | mikrogramu 180 kwa wiki | Hapana | chembe za damu, hali ya ini, afya ya akili |
| Peginterferoni alfa-2b | mikrogramu 1.5 kwa kila kilo, kwa wiki | Ndiyo | hayo hayo |
| Ribavirini | mg 1000 chini ya kilo 75. Mg 1200 kuanzia kilo 75 | Ndiyo | himoglobini, moyo, figo, ujauzito |
| Sofosbuviri na velpatasviri | mg 400/100, kidonge kimoja kwa siku | Hapana | dawa za asidi ya tumbo, amiodaroni (dawa ya mapigo ya moyo) |
| Glekapreviri na pibrentasviri | mg 300/120, vidonge vitatu kwa pamoja, na chakula | Hapana | ini lililochoka, dawa za kolesteroli |
| Entekaviri | mg 0.5 kwa siku, tumbo tupu | Hapana | figo, historia ya lamivudini (dawa ya zamani ya homa ya ini B) |
| Tenofoviri disoproksili (TDF) | mg 300 kwa siku | Hapana | figo, mifupa |
| Tenofoviri alafenamidi (TAF) | mg 25 kwa siku, na chakula | Hapana | figo zikiwa chini kabisa |

Sindano: dozi moja kwa wote, au kwa kilo?

Kwa homa ya ini C sindano hizi zimekwisha kazi mahali pengi, ila kwa homa ya ini B bado hutumika kwa baadhi ya watu, kwa kawaida wiki 48. Nazitaja pia kwa sababu ndiko imani ya "mnene anahitaji zaidi" ilikotoka, na kwa kweli haikutoka hewani. Wenye BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 30 na kuendelea walipona homa ya ini C kwa nadra kuliko wembamba. Hilo lilionekana tena na tena.

Peginterferoni mbili zilikuja na falsafa mbili. Alfa-2a imefungwa kwenye mnyororo mkubwa wa kilodaltoni 40 (kipimo cha uzito wa molekuli). Haitawanyiki sana mwilini, hubaki zaidi kwenye damu na ini, hivyo ikapewa dozi moja kwa kila mtu. Alfa-2b ina mnyororo mdogo wa kilodaltoni 12. Hutapakaa zaidi na mwendo wake hufuata ukubwa wa mwili, hivyo ikapimwa kwa kilo. Ukiisoma karatasi tu, ungesema alfa-2b ndiyo ya mtu mnene.

Utafiti ulioitwa IDEAL uliziweka ana kwa ana Marekani, kwa wagonjwa 3,070 wa aina ya kwanza ya virusi vya C. Matokeo yalitoka mwaka 2009: waliopona kwa alfa-2a walikuwa asilimia 40.9, kwa alfa-2b asilimia 39.8. Sare.

Basi wengine wakasema, tuongeze dozi kwa wazito. Jaribio la PROGRESS liliwachukua watu wa kilo 85 na zaidi, wenye virusi vingi, likawapa baadhi yao mikrogramu 360 kwa wiki 12 za mwanzo, yaani maradufu, wengine ribavirini ya juu, wengine vyote viwili. Uponaji haukupanda kwa kiwango cha kutegemea. Kilichopanda kwa ribavirini ya juu ni madhara.

Sababu inaeleweka ukiitazama kwa karibu. Ni kweli sindano inayodungwa kwenye mafuta mengi hunyonywa polepole, na kiwango chake kwenye damu huwa chini kidogo. Tatizo kubwa lakini liko ndani zaidi: ini lenye mafuta, na mwili uliozoea insulini hadi hauisikii, huziba masikio ya seli. Interferoni inapiga hodi, seli haifungui. Kupiga hodi kwa nguvu maradufu hakumfanyi kiziwi asikie. Kwa hiyo kati ya sindano hizi mbili, kwa mtu mnene mwenye homa ya ini B anayeitaka interferoni kwa sababu zake, sioni haja ya kutafuta ya kilo. Alfa-2a ya dozi moja inatosha, na makosa ya kuhesabu hupungua.

Ribavirini: hapa kilo zina haki yao, na hatari yake

Hii ndiyo dawa pekee kwenye jedwali ambayo ningemwambia mtu mnene: ndiyo, yako ni tofauti. Jaribio kubwa la WIN-R, lililochapishwa mwaka 2007, lililinganisha ribavirini ya mg 800 kwa kila mtu na ile ya kupandisha kwa kilo, kuanzia mg 800 hadi 1400. Waliopimiwa kwa kilo walipona zaidi: takriban asilimia 44 dhidi ya 41. Tofauti ndogo, lakini ya kweli.

Bei yake ni damu. Ribavirini huingia kwenye chembe nyekundu, hubadilishwa humo, na chembe haina njia ya kuitoa. Inajikusanya kwa wiki kadhaa hadi chembe inapasuka kabla ya wakati. Himoglobini ikishuka chini ya 10, dozi hupunguzwa hadi mg 600. Ikishuka chini ya 8.5, dawa husimamishwa. Mwenye ugonjwa wa moyo hasubiri afike huko: akipoteza gramu 2 ndani ya wiki nne, dozi inashushwa. Na hapa ndipo mtu mnene anapopaswa kuangaliwa kwa jicho la pili, maana mishipa ya moyo yake huenda ina tatizo ambalo halijagunduliwa. Mwili unaohema ukipanda ngazi huonekana wa "kawaida kwa unene wake" mpaka himoglobini inapoanguka.

Mahali ribavirini inapobaki leo ni pamoja na sofosbuviri na velpatasviri, kwa wiki 12, pale sirosisi (ini lililojaa makovu) imefika mbali: tumbo limejaa maji, macho ya njano, akili inachanganyikiwa. Sasa mtazame mgonjwa huyo kwenye mizani. Anasoma kilo 84. Kwa jedwali, ni mg 1200. Lakini tumboni ana maji ya lita 10, yaani kilo 10 ambazo si zake, na miguu imevimba nayo ina zake. Akitolewa maji kesho atarudi na kilo 74, na jedwali litasema mg 1000. Mizani ile ile, mtu yule yule. Nikiulizwa, simwanzishi na 1200. Wenye ini lililochoka zaidi huanzishwa na mg 600, kisha hupandishwa taratibu kadiri damu inavyoruhusu. Huyu anaonekana mnene, kumbe misuli yake imeisha. Shika mkono wake wa juu utaelewa. Tumbo linadanganya.

Jambo moja linalosahaulika: kwa mwenye kisukari, ribavirini huharibu kipimo cha HbA1c. Kipimo kile husoma sukari iliyoshikana na chembe nyekundu za miezi iliyopita, na kama chembe zinakufa mapema, namba hutoka nzuri kuliko ukweli. Nimeona mtu akipongezwa kwa sukari "iliyotulia" wakati kidole chake kila asubuhi kilisema vingine. Wakati wa ribavirini, fuata sukari ya kidole.

Na kwa wote, wake kwa waume: hakuna kutunga mimba wakati wa dawa hii, wala miezi tisa baada yake kwa mwanamke aliyeitumia, wala miezi sita kwa mwenzi wa mwanamume aliyeitumia.

Vidonge vya homa ya ini C: dozi ni moja, mkoba wa dawa ndio swali

Sofosbuviri iliidhinishwa Marekani Desemba 2013, mchanganyiko wake na velpatasviri mwaka 2016, na glekapreviri na pibrentasviri mwaka 2017. Vyote hupimwa kwa kilo kwa watoto tu. Kwa watu wazima, wenye miili mikubwa wamepona kwa viwango vilevile vya wembamba, juu ya asilimia 95. Vidonge hivi havitegemei seli isikie ujumbe wa kinga. Vinakwenda moja kwa moja kwenye mitambo ya kirusi na kuikwamisha. Uziwi ule wa seli hauna nafasi hapa. Kwa hiyo kuongeza kidonge cha pili "kwa ajili ya uzito" ni kupoteza kidonge cha pili.

Lakini unachagua kipi? Muda ni wiki 8 kwa glekapreviri na pibrentasviri kwa wengi wanaotibiwa mara ya kwanza, wiki 12 kwa sofosbuviri na velpatasviri. Mtu angedhani fupi ndiyo bora. Mwambie mgonjwa amwage mkoba wake wa dawa mezani kwanza.

Mtu mnene mara nyingi ana kiungulia, na kwa kiungulia ana omeprazoli, ambayo wala haiiti dawa. "Hizi ni za tumbo tu." Velpatasviri inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke, omeprazoli ikiizima asidi, velpatasviri inapita kama mgeni asiyekaribishwa. Kama omeprazoli haiachiki, kidonge cha virusi humezwa na chakula, saa nne kabla ya omeprazoli isiyozidi mg 20. Dawa za kutafuna za kiungulia nazo ziachane nacho kwa saa nne. Glekapreviri na pibrentasviri haina ugomvi mkubwa namna hiyo na dawa za asidi za kiwango cha kawaida. Kwa mwenye kiungulia kikali, pointi moja kwake.

Kisha inatokea kidonge cha kolesteroli. Hapa mizani inageuka: glekapreviri na pibrentasviri haiendi na atovastatini wala simvastatini, maana huzipandisha kwenye damu hadi misuli iume au iharibike. Rosuvastatini haizidi mg 10, na kikomo hicho kinahusu pia velpatasviri. Nyingi ya kesi hizi zinamalizwa kwa kusimamisha dawa ya kolesteroli kwa wiki chache, daktari akiridhia, kuliko kuhangaika na hesabu. Mwenye stenti ya moyo juzi juzi ni habari nyingine. Yeye statini yake, yaani kidonge chake cha kolesteroli, usiiguse kirahisi, badili dawa ya virusi.

Moyo wenye amiodaroni: sofosbuviri hapana, mapigo yanaweza kushuka kwa hatari. Ini lililoshindwa kazi, la daraja B au C kwa kipimo cha Child-Pugh: glekapreviri hapana kabisa. Anayetumia rifampisini (ya kifua kikuu) au kabamazepini (ya kifafa): dawa zote mbili za virusi hapana.

Kwa mtu mnene mwenye kisukari naongeza onyo ambalo ni la furaha kidogo. Virusi vya C vyenyewe huuchosha mwili kwa insulini. Vikiondoka, sukari inaweza kushuka ndani ya wiki chache, na insulini iliyokuwa sawa mwezi uliopita ikawa nyingi. Kutetemeka na kutokwa jasho usiku kwenye wiki ya tatu kunaweza kuwa habari njema iliyokosewa kipimo. Dozi ya kupunguzwa hapo ni ya insulini.

Na kabla ya kidonge cha kwanza, homa ya ini B ipimwe. Tangu Oktoba 2016 vidonge hivi vina onyo zito Marekani, kwa sababu C ikiondoka ghafla, B iliyolala huweza kuamka.

Vidonge vya homa ya ini B: kilo zinaingia kwa mlango wa figo

Hapa ndipo makosa mengi ya wanene yanapotokea, na yanatokea kimyakimya, kwenye kikokotoo. Entekaviri na TDF hutolewa na figo. Uwezo wa figo ukiwa chini ya mililita 50 kwa dakika, dozi hupungua: TDF hunywewa kila saa 48 badala ya kila siku ukiwa kati ya 30 na 49, entekaviri ya mg 0.5 nayo inaenda kila saa 48. Uwezo huo hupatikana mara nyingi kwa kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, na kanuni hiyo inauliza uzito. Uzito upi?

Chukua mwanamke wa miaka 62, urefu sentimita 160, kilo 120, kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) mg 1.4 kwa desilita, yaani karibu mikromoli 124 kwa lita. Kanuni: 140 toa umri, mara uzito, gawa kwa 72 mara kreatinini, na kwa mwanamke zidisha kwa 0.85.

Tukiweka kilo za mizani, 120, figo zake zinatoka 79. Dozi kamili, hakuna wasiwasi.

Tukiweka uzito stahili kwa urefu wake, kilo 52, zinatoka 34. Dozi ikatwe nusu leo leo.

Tukiweka uzito uliorekebishwa, yaani uzito stahili ukiongeza sehemu 0.4 ya ziada, tunapata kilo 79 (usiichanganye na 79 ile ya juu) na figo zinatoka 52. Dozi kamili, kwa unyoya tu.

Maabara nayo ikatoa namba yake kwa kanuni mpya ya CKD-EPI: karibu 42. Lakini hiyo ni kwa mwili wa mita za mraba 1.73, na wa mama huyu una karibu 2.3. Ukiirudisha kwenye mwili wake halisi inakuwa karibu 56.

Namba tano kwa mtu mmoja, siku moja, tone moja la damu. Kilo za mizani humpamba, kwa sababu mafuta hayatengenezi kreatinini kama misuli. Uzito stahili humwonea, kwa sababu mwili mkubwa una misuli na figo kubwa kidogo pia. Mimi nashika uzito uliorekebishwa, naulinganisha na ile ya maabara iliyorudishwa kwenye mwili halisi, na hapa zinakubaliana: 52 na 56. Dozi kamili inaruhusiwa, lakini anatembea ukingoni.

Sasa dawa tatu mbele yake.

TDF kwa mg 300 inaruhusiwa kwa hesabu, na singeichagua. Ana miaka 62, figo ziko ukingoni, na akiwa na uzito huo huenda ana presha au kisukari vinavyozitafuna figo hizo hizo. TDF huweza kuchosha mirija ya figo na kupunguza uimara wa mifupa. Ina jambo moja zuri ambalo husahaulika: hushusha kolesteroli kidogo na haina tabia ya kunenepesha.

TAF ya mg 25 hupeleka dawa ndani ya seli za ini kwa kiasi kidogo sana kwenye damu. Haibadilishwi mpaka figo zishuke chini ya 15, hivyo ule mjadala wote wa uzito upi uingie kwenye kanuni unakwisha. Upande wa pili, wanaohama kutoka TDF kwenda TAF huweza kuongezeka kilo kidogo na kolesteroli kupanda. Habari nyingi za hilo zimetoka kwa watu wenye VVU, na sehemu yake ni breki ya TDF kuachiliwa, lakini mtu anayehangaika na mwili ana haki ya kuambiwa mapema, asije akajilaumu kwa kilo tatu ambazo si za sahani yake peke yake.

Entekaviri haigusi mifupa wala kolesteroli. Usumbufu wake ni tumbo tupu: saa mbili baada ya kula na saa mbili kabla ya kula tena. Kwa mwenye kisukari anayekula mara nyingi kidogokidogo, saa hizo ni kazi. Wengi huimeza wakati wa kulala. Aliyewahi kutumia lamivudini hadi virusi vikawa sugu aiache. Na maandishi yake yana onyo kwamba wanawake na wanene huenda wako kwenye hatari zaidi ya asidi ya laktiki kujaa kwenye damu kwa dawa za kundi hili. Ni nadra mno, na huonekana zaidi kwa wenye ini lililoshindwa, lakini kichefuchefu kisichoeleweka na kuhema haraka visipuuzwe.

Kwa mama yule nachagua TAF, na kolesteroli yake ipimwe mwanzoni na baada ya miezi michache. Isipopatikana, entekaviri kamili na figo kila miezi mitatu. Kijana wa miaka 30 mwenye kilo 120, figo safi na sukari safi? TDF, bila kupoteza muda.

"Vimeng'enya havishuki, basi dozi ni ndogo"

Huu ndio mtego ninaouona zaidi. Mtu mnene yuko kwenye tenofoviri mwaka wa pili, virusi havionekani kwenye kipimo, lakini ALT, kimeng'enya cha ini, inabaki 70, 65, 72. Mtu anaanza kusema dawa haitoshi kwa mwili ule. Dawa inatosha, wingi wa virusi ndio hakimu wa dozi, na umeshatoa hukumu. ALT ile inatokana mara nyingi na mafuta kwenye ini, ugonjwa wa pili ndani ya nyumba moja, na hakuna kidonge cha virusi kinachoutibu. Ukimwongezea tenofoviri unampa figo mbaya na ALT ileile.

Hata virusi vikionekana, uzito ni mshukiwa wa mwisho. Kwanza vidonge vilivyobaki kwenye kichupa vihesabiwe. Kisha entekaviri: anaimeza na chai ya maziwa na mkate? Kisha historia ya lamivudini. Nimewahi kukutana na mgonjwa aliyeongezewa dozi mahali fulani kwa sababu ya kilo zake, kumbe alikuwa akimeza entekaviri katikati ya mlo kwa sababu hakuna aliyemwambia. Tulirudisha dozi, tukahamisha saa, virusi vikashuka.

Na upasuaji wa kupunguza tumbo?

Kwa homa ya ini C, kama hali inaruhusu, maliza kozi kwanza. Wiki 8 au 12 ni fupi kuliko foleni nyingi za upasuaji, na hutakuwa na shaka kama utumbo uliokatwa unanyonya dawa au la. Kwa homa ya ini B, ambayo dawa zake ni za miaka, endelea na dozi ile ile na upime wingi wa virusi miezi mitatu baada ya upasuaji, halafu tena miezi sita.

Figo nazo zirudiwe. Yule mama akipungua hadi kilo 85 na kreatinini ikabaki 1.4, uzito uliorekebishwa unakuwa kilo 65 na jibu la kanuni linashuka kutoka 52 hadi 43. Namba ya maabara, ikirudishwa kwenye mwili wake mpya, inakuwa kama 47. Angekuwa kwenye entekaviri, dozi ingekatwa wiki ambayo kila mtu anamsifu kwa kupungua. Kwenye TAF, anameza kidonge kile kile na chakula chake cha jioni.